Kikohozi cha Winifred Staniforth

Mholanzi alifika kwangu Jumanne moja ya Machi, mvua ikinyesha ile ya kukera, isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika. Alikuwa na begi mgongoni na hedifoni shingoni. Alisema anaitwa Joost Terpstra, ametoka Rotterdam, na anamtafuta mtu anayekohoa.

"Hapa Sheffield?" nikamwuliza. "Baba, simama tu barabarani uchague."

Akacheka kwa adabu, akaingia, akavua viatu bila kuambiwa, jambo lililonipendeza. Sikumaliza hata kuweka birika jikoni, akanivisha zile hedifoni.

"Sikiliza hapa, Bi Enid. Dakika ya kumi na nne."

Nikasikia saksafoni inalalamika kama mlango wa banda, ngoma zinaporomoka ngazini, na mtu mwingine anakwaruza kitu ambacho sikukitambua. Halafu vyote vikatulia kidogo, na hapo ndipo kikaja kikohozi. Kikavu, kifupi, mara mbili. Kisha cha tatu, kimechelewa, kama mtu aliyeshatoka mlangoni akarudi kuchukua mwavuli.

Nikakaa chini.

"Huyo ni Winnie," nikasema. "Winnie Staniforth. Kiti cha nne, karibu na dirisha."

Yule bwana, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye ndevu na pete ya ndoa, akaanza kulia kwenye kitambaa changu cha vyombo.

Niseme kwanza mimi nilijuaje. Mimi na marehemu mume wangu, Wilf, tuliendesha baa ya Mbuzi na Kengele kwa miaka ishirini na sita. Sasa hivi jengo lile wanauza vigae vya bafuni. Ghorofani kulikuwa na chumba kikubwa, na mwaka 1969 akaja bwana mmoja mrefu, Lionel Garside, mpiga saksafoni, akaomba kukikodi kila Alhamisi kwa ajili ya jazi. Wilf aliposikia jazi alidhani watu watacheza dansi, kwa hiyo akaipaka sakafu nta. Kumbe ilikuwa jazi huru, muziki usio na wimbo wa kufuata wala mdundo wa kutikisia mguu. Kila mmoja anapuliza au anagonga linalomjia, na wenzake ama wanamjibu ama wanamwacha. Alhamisi ya kwanza hakucheza mtu. Mpiga ngoma, Mjerumani wa Wuppertal, aliteleza na kiti chake hadi ukutani, akaendelea kupiga huko huko, na watu kumi na mmoja waliokuwepo wakapiga makofi. Tangu siku hiyo Wilf hakuuliza tena kitu.

Chini kwenye kaunta tulikuwa na mteja wetu mmoja, mzee wa kiwanda cha chuma, ambaye kila Alhamisi alinyanyua uso darini akaniuliza, "Enid, hao mafundi wa bomba bado tu?" Aliniuliza mwaka 1969, na aliniuliza mwaka 1983. Sikuwahi kumwambia ukweli. Nilijua angetaka kupanda kuangalia.

Kila walipopiga, karani mmoja wa maktaba aitwaye Percy Dungworth alikuwa pembeni na kinasa sauti kikubwa kama sanduku la safari. Percy hakunywa, hakuongea, hakukosa. Alinasa kila Alhamisi kwa miaka kumi na nne, akabakiza zilizompendeza tu, akaweka tepu hizo ndani ya makopo ya biskuti, na juu ya kila kopo akabandika karatasi aliyoiandika kwa wino mzuri wa maktaba. Percy alifariki. Makopo yakabaki kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, na mafuriko ya mwaka 2007 yakaingia humo. Makopo yalikuwa yamefungwa vizuri, tepu hazikupata hata tone. Ila karatasi za juu ziligeuka uji.

"Tepu mia mbili na kumi na mbili," Joost akaniambia, sasa amepata chai na ametulia. "Hatujui ipi ni ya mwaka gani. Wapigaji ni walewale, chumba ni kilekile, na muziki wenyewe…" Akatafuta neno. "Muziki wenyewe hausaidii."

"Najua, baba. Nilikuwa chini yake."

Kampuni yake ndogo ilitoa santuri za kumbukumbu za muziki huo: London, Berlin, Amsterdam, na kote ulikopigwa na watu wachache ukasikilizwa na wachache zaidi. Katika kuzisikiliza tepu za Percy aligundua kuwa kwenye mia moja sitini na tatu kulikuwa na mtu yuleyule anakohoa. Na kikohozi kilikuwa kinabadilika. Huku kikavu, kule kina maji, pengine kinatoka kifuani, pengine kooni tu. Akajiambia kwamba akimpata mwenye kikohozi, huenda akajua kilikuwaje wakati gani, na tepu zikajipanga zenyewe. Ameacha mke na kazi nyingine kumtafuta. Amekwenda hadi hospitali ya kifua, wakamfukuza.

Sasa Winnie. Winnie alianza kazi ya kung'arisha vijiko akiwa na miaka kumi na tano, katika karakana moja nyuma ya kituo cha treni. Wanawake wa kazi ile walijifunga kitambaa chekundu kichwani na magazeti miguuni, wakasimama siku nzima mbele ya gurudumu linalozunguka, wakikandamiza kijiko au uma juu yake kwa mafuta na mchanga laini. Jioni walirudi weusi kama waliotoka kwenye bomba la moshi, wakiimba. Ule mchanga ukiingia kifuani hautoki. Alipofikisha miaka thelathini Winnie alikuwa na kikohozi ambacho mtaa mzima ulikitambua hata ukungu ukiwa mzito.

Kikohozi kile kilimfungia milango. Kwenye sinema alitolewa nje mara mbili, mara ya pili wapenzi wakiwa ndiyo kwanza wanataka kubusiana. Kanisani mchungaji alimwomba akae karibu na mlango, baadaye akamwomba akae upande wa pili wa mlango. Kwenye mazishi ya shangazi yake mpiga kinanda alidhani kapewa ishara, akaanza wimbo wa mwisho kasisi akiwa hajafika hata kwenye sala.

Novemba mwaka ule wa 1969 aliingia baani kwetu kunywa brandi na maji ya moto kwa ajili ya kifua. Akasikia kelele juu. Akapanda na glasi yake. Alikaa karibu na dirisha, akajizuia, akajizuia, machozi yakamtoka, mwisho akakohoa. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyesema shh. Yule bwana mrefu wa saksafoni tu ndiye aliyenyanyua nyusi, akajibu.

Ndivyo alivyonieleza alipoteremka, ameshika kaunta kwa mikono miwili. "Enid, amenijibu!"

Basi akawa haji siku nyingine yoyote, ila Alhamisi hakosi. Tatizo lilikuwa dada yake, Mavis, ambaye alikuwa mjane na walikaa pamoja. Mavis ni Mmethodisti wa wale wanaovuka barabara ili wasipite mbele ya baa. Winnie akamwambia anasoma huduma ya kwanza. Alidhani ni uongo wa wiki mbili tatu. Ukawa wa miaka kumi na nne. Mavis akautangaza mtaani kwa fahari, na mtaa ukaanza kumwita Winnie kila mtu akianguka. Ilibidi aazime kitabu maktaba, kwa Percy huyo huyo, akisome jikoni usiku. Mwaka 1975 alimzalisha mke wa muuza mboga kwenye korido, kitabu kikiwa kimefunguliwa juu ya redieta ya kupashia nyumba joto. Mtoto alitoka salama, na sasa ana saluni Rotherham.

Siku ya pili saa tisa mchana nikampeleka Joost kwa Winnie. Mlango ulifunguliwa na Mavis, miaka themanini na sita, fimbo mkononi.

"Mnataka nini? Kama ni dini, tunayo."

"Ni mimi, Mavis. Enid."

"Nakuona. Na huyo mwenye mambo shingoni?"

Winnie akatokea jikoni akijifuta unga. Aliniangalia, akaangalia hedifoni, akaelewa kwamba kuna jambo, na ulimi uliofanya kazi miaka kumi na nne ukaamka wenyewe.

"Huyu ni mkaguzi, Mavis. Wa huduma ya kwanza. Si ndiyo, Enid?"

"Kutoka Uholanzi," nikasema. Mungu anisamehe.

"Hatimaye!" Mavis akapiga fimbo chini. "Miaka kumi na nne dada yangu amesoma, hata kikaratasi hawakumpa! Ingia, bwana. Ingia uone hili goti."

Joost ni mtu mkweli kupita kiasi. Wenzake wa kule wako hivyo. Aliketi mbele ya goti la Mavis amekunja mikono, uso umemwiva. Mavis akasubiri. Mimi nikasubiri.

"Ni goti," Joost akasema mwisho, "lililofanya kazi nyingi."

"Umesikia, Winnie? Daktari wetu wa hapa hajawahi kusema hata hilo."

Tulipata upenyo Mavis alipokwenda kuleta keki ya tangawizi. Joost akamwambia Winnie kwa kunong'ona habari za makopo, mafuriko, tepu mia moja sitini na tatu. Winnie alisikiliza, halafu akauliza swali moja tu.

"Na nasikika?"

"Vizuri sana, Bi Winnie."

"Miaka yote hiyo nilikuwa najitahidi nikohoe taratibu," akasema, na ikawa vigumu kujua kama amefurahi au ameaibika.

Tangu hapo, kila Alhamisi mchana Winnie alikuja kwangu. Kwa Mavis yalikuwa mafunzo ya kujikumbusha. Joost alipanga nyumba ya wageni jirani, akaweka mashine zake kwenye meza yangu ya kulia, na Winnie akakaa mbele yake amevaa hedifoni juu ya kofia ya sufi, mikono mapajani kama yuko kwa mpiga picha.

"Hicho cha vijiko vya supu," akasema kwenye tepu ya kwanza kabisa.

"Samahani?"

"Kijiko cha supu kina tumbo kubwa. Unakikandamiza sana, vumbi lake linakwenda chini kabisa. Uma ni juu juu, hapa kooni. Weka nyingine." Joost akaweka nyingine. "Huo sasa ni uma. Sikia unavyokwaruza. Uma tupu tuling'arisha kuanzia Pasaka hadi Agosti, mwaka 1971, oda ya meli ya abiria. Andika."

Joost akaandika. Aliandika kila kitu. Nimeliona lile daftari: *tepu 41, vijiko vya chai, baridi kali, pipi ya asali mdomoni.* *Tepu 60, visu vya samaki, ana mafua.* *Tepu 112, mgomo wa wafanyakazi, kifua safi kwa wiki mbili.* Kufikia Mei walikuwa wamepanga tepu mia na arobaini, na Joost akawapigia simu wenzake Rotterdam akawa anapiga kelele kwa lugha yao, neno pekee nililolishika likiwa Staniforth.

Siku moja Winnie alivua hedifoni ghafla, akazitupa mezani.

"Huyo si mimi."

"Kompyuta inasema ni wewe."

"Kompyuta haikuwepo. Huyo ni mwanafunzi mmoja, alivaa koti la ngozi ya kondoo, alikaa nyuma yangu. Alitaka Lionel amjibu na yeye. Anajikoholesha! Sikia, hakina kitu ndani yake. Na alijibiwa? Weka tena usikilize kama alijibiwa."

Joost akaweka tena. Mwanafunzi alikohoa mara sita. Hakujibiwa hata moja.

"Umeona," Winnie akasema, akakaa vizuri. Alikuwa amekerwa kama jambo limetokea jana yake.

Walipomaliza zote, Joost alikwama kwenye kuchagua. Santuri inaingia dakika arobaini na kitu, na yeye alikuwa na masaa mia mbili. Alizunguka meza yangu siku tatu. Mwisho akamgeukia Winnie, labda kwa kukata tamaa.

"Bi Winnie, wewe mwenyewe uliupenda muziki huu?"

Winnie akatafuna pipi yake ya licorice, nyeusi na ndefu kama tambi, akifikiri. "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Akafikiri tena. "Nusu ya pili ya tepu ya tisini na saba. Hiyo nzuri kweli. Nyingine zinapita."

Joost akaisikiliza upya usiku huo, na asubuhi akaja macho mekundu akasema ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Ilibaki ruhusa ya Lionel Garside. Alikuwa na miaka themanini na nne, anakaa kwenye nyumba ya wazee Harrogate, na alikuja kwa teksi, amevaa skafu ya hariri, amekasirika kabla hajashuka. Alikuwa ameshatumiwa tepu.

"Kuna mtu anakohoa humu," akasema, bado amesimama mlangoni kwangu. "Mwanzo mpaka mwisho. Mtoeni. Kompyuta zenu si zinaweza kila kitu?"

"Bwana Garside," Joost akaanza.

"Mtoeni, au hakuna santuri."

Joost ni mkweli lakini pia si mjinga. Alikwisha kumtoa tayari, kwa kujaribu. Akatuketisha sebuleni, akaweka ile iliyosafishwa. Winnie alikuwa jikoni anakata keki. Lionel alimwona akadhani ni mtu wangu wa kunisaidia kazi, nasi hatukumsahihisha.

Jamani. Ilikuwa kama kumsikia mtu anagombana na simu iliyokatika. Saksafoni inasema neno, inanyamaza, inasubiri, halafu inacheka mzaha ambao hakuna aliyeutoa. Inakataa kitu. Inakubali kitu. Dakika ya tisa inaomba radhi kabisa, na hujui kwa nani.

Lionel alikuwa ameinama mbele, mkono sikioni. "Aubrey yuko wapi?" akauliza. "Mmemtoa Aubrey!"

Aubrey Petch alikuwa mpiga tromboni wao, mtu mpole sana, alishafariki miaka kumi nyuma.

"Bwana Petch yupo," Joost akasema. "Ni huyo hapo. Anayepumua."

"Usinifundishe sauti ya Aubrey. Weka ile ya mwanzo." Joost akaweka ile ya mwanzo. Kikaja kikohozi: kimoja, cha pili, na cha tatu kimechelewa. Lionel akaruka. "Huyo! Huyo ndiye Aubrey! Lile pigo lake fupi, mara mbili, halafu anakuweka roho juu, halafu la tatu!"

Winnie akatokea kwenye mlango wa jikoni, kisu cha keki mkononi.

"Huyo ni mimi, bwana," akasema.

Lionel alimtazama. Akatazama kisu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Dirishani?"

"Kiti cha nne."

"Na Aubrey?"

"Aubrey alikuwa amelala. Nilikuwa namwona vizuri kutoka pale. Akiamka alikuwa anapuliza kidogo, analala tena."

Lionel akakaa. Skafu ikamdondoka, hakuiokota. "Kila Krismasi nilitaka kumfukuza," akasema. "Kila Krismasi, miaka kumi na nne. Nikasema hapana, Lionel, mtu anayejibu namna ile humfukuzi. Kwenye mazishi yake nilisimama nikazungumza dakika ishirini juu ya ujasiri wake wa kusubiri. Mjane wake alinishika mikono yote miwili."

"Alikuwa mtu mwema," Winnie akasema. "Aliwahi kunifungulia mlango."

"Na mwaka themanini na tatu? Alinyamaza ghafla. Wiki baada ya wiki, hakuna. Nilidhani amenichukia. Niliivunja bendi kwa sababu hiyo, unaelewa? Sikuweza kuendelea na mtu ambaye hasemi nami tena."

Hilo Winnie hakulitegemea. Akaweka kisu juu ya kabati. Akamweleza kwamba karakana ilifungwa Machi ule, wakapelekwa nyumbani wote, na kufikia kiangazi kifua kikawa kimeanza kusafika. "Nilikuja Alhamisi mbili bila kikohozi. Nilikaa pale palepale. Ukanyamaza unanisubiri, nami sina kitu. Nilijiona kama nimekuja bila nguo. Nikaona aibu, sikurudi."

Mimi nikaleta keki. Lionel alikula vipande vitatu bila kutazama mtu, halafu akatoa kalamu akasaini karatasi za Joost, na chini yake akaandika sharti kwa herufi kubwa: jina la Winifred Staniforth liandikwe kwenye jalada pamoja na wapigaji wengine, na mbele yake, kikohozi.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana Winnie alikataa katakata.

"Mavis atasoma."

"Dada yako ananunua santuri za jazi huru?" Lionel akamwuliza.

"Watu watamwambia. Huujui mtaa wetu."

"Bila jina lako hakuna santuri."

"Basi isiwepo."

Wiki mbili Joost alikuwa anapanda treni kwenda Harrogate na kurudi, anabeba maneno ya wazee wawili kama barua. Alikonda. Mwisho mimi nikamwambia Winnie, mwenzangu, una miaka themanini na miwili, dada yako themanini na sita, mtaogopana mpaka lini? Akanuna. Lakini Jumapili baada ya kanisa akaniita, akasema nije nikae, ili Mavis asipige kelele mbele ya mgeni.

Aliweka kanda ya majaribio kwenye redio yao ya jikoni. Mavis alisikiliza amekunja mikono, bado amevaa kofia ya kanisani, mwanzo mpaka mwisho, dakika ishirini na mbili. Hakujitikisa. Lionel alilia, alinguruma, Mjerumani aliangusha kitu kizito, Winnie alikohoa mara thelathini na moja. Ilipokwisha, Winnie akazima redio.

"Mavis," Winnie akasema. "Huko ndiko nilikokuwa Alhamisi zote zile."

Mavis akatoa kitambaa mfukoni. "Maskini," akasema. "Sikujua kama walikuwa na hali mbaya kiasi kile."

"Akina nani?"

"Wagonjwa. Na wewe uko katikati yao, na kifua chako kile." Akajifuta macho. "Na huyo anayelia vile mwisho mwisho, alipona?"

Winnie akaniangalia. Mimi nikaangalia saa ya ukutani.

"Lionel?" Winnie akasema. "Yuko Harrogate. Ndiye anayetaka jina langu liandikwe kwenye jalada."

"Ashukuriwe Mungu. Kwa nini usiandikwe jina? Wangekuandika zamani."

Santuri ikatoka Oktoba, nakala mia tano. Jalada lilikuwa la kijivu, na majina manne: saksafoni, tromboni, ngoma, kikohozi. Gazeti moja la muziki la Ujerumani liliandika kwamba Staniforth ndiye mpigaji pekee kwenye kundi asiyejirudia. Barua zikaanza kuja. Mwanafunzi mmoja wa kike alikuja kutoka Leipzig na kinasa sauti chake kumwuliza Bi Winnie juu ya mbinu.

"Mchanga laini na mafuta, mwanangu," Winnie akamwambia. "Miaka thelathini na saba. Sikushauri."

Mavis alinunua nakala kumi na mbili, akazigawa kanisani kwa ajili ya mfuko wa wagonjwa. Mchungaji wa sasa ni mtu wa busara, alisema imemgusa.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, tamasha moja la Antwerp likawaalika Lionel na Winnie wapige pamoja. Winnie akajibu kwamba hana tena kikohozi, kilikwisha mwaka 1983. Wakamwandikia kwa upole kumwuliza kama anaweza kuigiza. Ile barua aliichana. Lionel mwenyewe ilibidi aje kwa teksi kumwomba.

"Si lazima ukohoe," akamwambia.

"Sasa nije kufanya nini?"

"Uje ukae."

Akaenda, nami nikaenda kumsindikiza, maana Mavis hakubali meli. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wenye miwani mizito, wote kimya kuliko kanisani. Waliweka kiti kimoja jukwaani, na maikrofoni mbele yake. Winnie akatoka na mkoba wake, akakaa, akaweka mkoba miguuni, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Lionel akapuliza. Alikuwa amezeeka, vidole vinachelewa, lakini kwa masikio yangu ambayo si ya mtaalamu alikuwa anapuliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia kupitia dari. Baada ya robo saa akanyamaza, akamgeukia Winnie, akasubiri.

Watu mia tatu walisubiri naye. Nilimwona Joost kwenye mstari wa mbele ameziba mdomo kwa mikono. Winnie akanyoosha sketi. Akasafisha koo, na watu kama kumi wakashtuka.

"Endelea tu, bwana," akasema kwenye maikrofoni. "Nakusikiliza."

Lionel akacheka, akaendelea nusu saa nyingine. Wataalamu walibishana mlangoni mpaka walinzi wakazima taa: kundi moja likisema ile ndiyo kazi bora kabisa ya Staniforth, jingine likisema ameisaliti.

Tulirudi kwa meli ya kwenda Hull. Bahari ilikuwa tulivu, tukakaa watatu kwenye mkahawa wa meli, na Lionel akasema Antwerp wanawataka tena mwakani, tena siku mbili.

"Mwakani nitakuwa na miaka themanini na nne," Winnie akasema. "Tutaona. Enid, mwambie yule binti chai yangu isiwe na maziwa mengi."